Asilimia 30 ihesabiwe kwa fedha iliyolipwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nilistaafu mwaka 2023 baada ya miaka 35 ya kazi ya stoo na ugavi serikalini. Sasa naishi Mafinga, na vijana tisa wa hapa mtaani, mafundi seremala na wachomeleaji, wamenifanya mlezi wa kikundi chao. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za kaunta: nimepokea mali za wazabuni nikiwa ndani, na sasa nimesimama nje pamoja na wenye mali.

Sheria ya Ununuzi wa Umma inataka kila taasisi ya serikali itenge asilimia 30 ya ununuzi wake wa mwaka kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Takwimu tunazosomewa ni za zabuni ngapi makundi hayo yamepewa, na za thamani gani. Ombi langu ni kwamba hesabu hiyo ifanywe kwa fedha iliyokwisha kulipwa, na pembeni yake iandikwe tarehe mali ilipopokelewa na tarehe fedha ilipoingia. Naomba nieleze kilichonifikisha kwenye ombi hili.

Nianze na lililo jema, maana lipo na nimeliona. Nilipoanza kazi mwaka 1988, zabuni ilikuwa ni sanduku. Letu lilikuwa la mninga, zito, lina mwanya juu kama kibubu na makufuli mawili. Ufunguo mmoja alikaa nao mkuu wa ugavi, wa pili mhasibu, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Siku ya kufungua, saa nne kamili asubuhi, wazabuni wanakaa kwenye mabenchi, bahasha zinatolewa moja moja, lakiri inaoneshwa kwa wote kabla ya kuvunjwa, kisha bei inasomwa kwa sauti. Ulikuwa utaratibu mzuri kwa aliyeweza kufika. Mwaka mmoja masika yaliharibu barabara vibaya. Akaja mzee mmoja muuza maharage, basi lake limekwama usiku kucha njiani, akafika saa nne na robo. Sanduku lilikuwa limeshafunguliwa. Bahasha yake haikupokelewa, na kwa utaratibu ule haikupaswa kupokelewa. Alikaa kwenye ngazi za stoo yangu, bahasha ikiwa mapajani, mpaka mchana akisubiri usafiri wa kurudi. Maharage yake niliyajua. Yalikuwa masafi kuliko ya yule aliyeshinda.

Leo mzee yule asingelazimika kupanda basi. Mfumo wa NeST, ambao serikali inautumia kufanya ununuzi kwa mtandao, ulianza Julai 2023, na kufikia Oktoba mwaka huohuo taasisi zote zikatakiwa kufanya ununuzi humo. Mambo mengi yaliyokuwa yakitegemea nani anaishi karibu na ofisi yakaisha. Katibu wa kikundi chetu, binti wa miaka 24, alijaza zabuni yetu ya kwanza saa tano usiku akiwa amekaa juu ya rundo la mbao za paini, simu imechomekwa kwenye soketi ya karakana. Namba ya NIDA, namba ya mlipa kodi, cheti cha kikundi, bei, akamaliza. Nilisimama pembeni yake nikimkumbuka mzee wa maharage.

Nimefanya kazi chini ya sheria ya 2001, ya 2004 iliyotuletea PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma, na ya 2011 pamoja na marekebisho yake ya 2016. Hii ya sasa, Namba 10 ya mwaka 2023, Bunge liliipitisha mwaka uleule niliokabidhi funguo za stoo. Ilianza kutumika Juni 2024, na kanuni zake Julai. Nimeisoma kwa mazoea ya kazi. Imeweka kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 ziwe za kampuni za Watanzania, ambapo zamani kikomo kilikuwa bilioni 10. Hilo wakandarasi watalisemea wenyewe. Sisi wa randa na mashine ya kuchomelea tuliishika ile asilimia 30. Haikuzaliwa na sheria hii, ilikuwepo nyuma, lakini sasa zabuni inatangazwa kwenye mfumo ikiwa imeandikwa wazi kwamba ni ya makundi maalumu, na kampuni kubwa haiwezi kuingia. Huo ni mlango wa kweli, nami niliwahimiza vijana wapite.

Mwanzoni mwa 2025 wakashinda. Halmashauri moja ya huku Nyanda za Juu Kusini, ambayo siitaji kwa sababu shida yenyewe si ya mahali pamoja, ilitaka meza 120 na viti 120 kwa ajili ya sekondari. Bei yetu ilikuwa shilingi 85,000 kwa meza na kiti chake, jumla milioni 10 na laki mbili. Mkataba ulisema malipo yatafanyika ndani ya siku 30 baada ya mali kupokelewa.

Vijana hawakuwa na mtaji. Mkopo wa asilimia 10 unaotokana na mapato ya halmashauri walikuwa wameuomba, zamu yao haikuwa imefika. Tarehe 3 Februari wakakopa milioni 4 kwa mkopeshaji binafsi, riba asilimia 10 kila mwezi. Ndiyo hiyo watu wanaiita kausha damu. Vifaa vingine wakachukua kwa mali kauli kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Niliwaonya juu ya riba, kisha nikakaa nao kupiga hesabu: mwezi mmoja na nusu wa kutengeneza, mwezi mmoja wa kusubiri, riba haitazidi milioni moja na laki mbili. Kitabaki kidogo, lakini kikundi kitakuwa na rekodi ya kazi iliyokamilika, na rekodi ndiyo inayoulizwa kwenye zabuni inayofuata. Nilikubali. Hesabu ile ilikuwa yangu, na siku 30 niliziamini kwa sababu zilikuwa zimeandikwa na kusainiwa.

Kazi waliifanya vizuri. Hapa Mafinga mbao ndizo zinazotulisha, mashamba ya Sao Hill yako jirani, na kila mtu anajua mbao mbichi ni mwizi: leo meza imenyooka, baada ya miezi miwili imepinda kama ubao wa mtumbwi. Walinunua mbao zilizokwisha kukauka japo bei ilikuwa juu, wakazipiga randa na msasa pande zote mbili, hata upande wa chini ambao mwanafunzi hauoni lakini anaupapasa kwa vidole. Siku ya kukabidhi, tarehe 14 Machi, kamati ya ukaguzi na mapokezi ilifanya jambo ambalo kwa miaka yangu yote ya stoo sikuwahi kulifikiria: mwalimu mmoja aliwaita wanafunzi wa kidato cha pili, akawaambia wakae kwenye kila kiti na kujitikisa. Viti 7 vikalia kwenye maungio. Vijana walikuwa wamekuja na mashine yao na jenereta, wakavichomelea upya palepale, wanafunzi wakakaa tena. Jioni hati ya mapokezi ikasainiwa. Niliisoma mara mbili. Nimesaini hati za namna ile maelfu, lakini ile ilinifurahisha kuliko zote.

Kuanzia hapo tukaingia kwenye safari ya faili.

Aprili tuliambiwa liko kwa mhasibu. Mei likarudi kwa sababu jina la kikundi kwenye ankara liliandikwa kwa kifupi, na kwenye akaunti ya benki liko kwa kirefu. Ni kosa letu, tukalirekebisha siku ileile. Wiki mbili baadaye likawa kwa ukaguzi wa ndani. Kisha likapanda kwa DT, yaani mweka hazina wa halmashauri. Kisha tukaambiwa kila kitu kiko sawa ila fedha hazijaingia. Mwishoni mwa Juni mfumo wa malipo ukafungwa kwa ajili ya kufunga mwaka wa fedha, tukaambiwa tusubiri mwaka mpya ufunguliwe. Mwenyekiti wa kikundi alisafiri kwenda kule mara sita. Hakuna aliyetudai rushwa, nalisema hili kwa msisitizo ili nisimwonee mtu. Kila afisa alitupokea vizuri, akatueleza faili liko wapi, akatuomba uvumilivu.

Fedha iliingia tarehe 8 Julai, siku ya 116 tangu mali ipokelewe.

Sasa hesabu. Katika milioni 10 na laki mbili serikali hukata kodi ya zuio asilimia 2 kwa bidhaa, kwa hiyo tulipokea shilingi 9,996,000. Vifaa vilitugharimu 6,900,000. Posho za vijana tisa kwa wiki sita zilikuwa 1,300,000, ambayo ukiigawanya utaona si ujira wa mtu kujisifia. Usafiri wa Fuso, 450,000. Hadi hapo kilibaki 1,346,000, faida halali ya kazi halali. Riba ya miezi mitano ilikuwa milioni 2. Kikundi kilitengeneza viti vya serikali kwa hasara ya shilingi 654,000, na nauli za safari sita sijaziweka. Mashine moja ya kuchomelea, ileile iliyoviokoa viti 7, iliuzwa kumalizia deni la duka. Fundi wetu bora wa fremu amekwenda Dar es Salaam kuendesha bodaboda. Alikuja kuniaga nyumbani, hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Lakini kwenye takwimu kikundi hiki kimehesabiwa kuwa kimenufaika. Zabuni imetangazwa, vijana wameshinda, thamani milioni 10 na laki mbili, ni sehemu ya asilimia 30. Anayesoma takwimu ile Dodoma hana namna ya kujua kwamba mnufaika ameuza mashine.

Nataka niliseme na jingine ambalo nililiona nikiwa ndani, kwa sababu linaihusu fedha ya kila mlipa kodi. Kwa miaka mingi viongozi wamelalamika kwamba serikali inanunua vitu kwa bei kubwa kuliko mwananchi anayeingia dukani, na kulidhibiti hilo ni moja ya mambo yaliyotajwa sana sheria hii ilipokuwa ikitungwa. Wapo wezi, sikatai. Ila nendeni kwenye duka lolote lenye kuuzia serikali, mtakuta bei mbili kwa kitu kimoja: bei ya taslimu na bei ya LPO, yaani hati ya kuagiza mali ambayo malipo yake huja baadaye. Nimezipokea nukuu hizo kwa mikono yangu miaka yote. Mwenye duka hakuiba. Amejifunza kwamba fedha ya serikali huja baada ya miezi minne, au sita, au mwaka ujao wa fedha, basi anaiuzia serikali bidhaa pamoja na subira yake. Duka kubwa linaweza kufanya hivyo kwa sababu lina wateja wengine wa kulishikilia wakati linasubiri. Kikundi kipya hakiwezi. Kikipandisha bei kinashindwa zabuni, kisipopandisha kinamezwa na riba. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kuuzia serikali kwa raha anabaki kuwa yule ambaye asilimia 30 haikutungwa kwa ajili yake.

Na hapa kuna jambo kwenye sheria yenyewe ambalo naomba waliotunga waliangalie. Mzabuni asiyeridhika na matokeo ana siku 5 za kazi za kupeleka malalamiko kwa afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi inayonunua; zamani zilikuwa 7. Akikata rufaa, Mamlaka ya Rufaa za Ununuzi wa Umma ina siku 40 za kutoa uamuzi, zamani 45. Nimefurahi walipozipunguza, ucheleweshaji ule uliumiza. Kwa hiyo aliyeshindwa amewekewa saa ukutani, na yuko mtu wa kuitazama. Aliyeshinda, akafanya kazi, akapokewa mali yake, akasainiwa hati, ana maneno ya mkataba tu. Siku 30 zikipita hakuna kengele inayolia popote. Mamlaka ya Rufaa inashughulikia migogoro ya utoaji wa zabuni, haiwezi kumuuliza DT faili liko wapi. Mahakama ipo, lakini nani atapeleka halmashauri mahakamani kwa milioni 10, kisha mwezi ujao arudi kuomba zabuni palepale?

Najua nitajibiwa kwamba halmashauri zinategemea makusanyo na fedha kutoka Hazina, na fedha haiji kwa tarehe. Nalijua jibu hilo vizuri, nimewahi kulitoa. Wazabuni walikuwa wakija dirishani kwangu kuulizia malipo na mimi nikiwaambia njoo Jumatano, nikijua kabisa Jumatano haina kitu, kwa sababu ndivyo nilivyoelekezwa na ndivyo tulivyozoea. Mama mmoja aliyekuwa akituletea mboga za mabweni aliacha kuja. Sikuuliza amekwenda wapi. Sasa nikimwona mwenyekiti wetu anarudi na basi la jioni kutoka kule, najua yule mama alikuwa anarudi vipi.

Lakini jibu hilo lina kasoro. Kanuni ya zamani kabisa ya ununuzi, tuliyofundishwa siku ya kwanza, ni kwamba hutangazi zabuni kabla ya kuhakikisha fedha yake imetengwa. Fedha ya meza zile ilikuwa kwenye bajeti. Kama ilikuwepo Januari wakati zabuni inatangazwa, iliazimwa na nani hadi Julai? Kila mwaka ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zinayataja madeni ya wazabuni, na kila mwaka tunayasoma kama habari za mvua. Wenzetu wa Kenya nao walianza kutenga asilimia 30 kwa vijana, wanawake na wenye ulemavu mwaka 2013. Madeni ya wazabuni yalipanda hadi serikali yao ikaunda kamati maalumu ya kuyahakiki mwaka 2023. Tusingoje kufika huko.

Ninachoomba PPRA ni kitu ambacho mfumo wao unakiweza. NeST tayari inamwonesha mwananchi yeyote zabuni iliyotolewa, mshindi na bei. Iongezwe safu mbili: tarehe ya hati ya mapokezi, na tarehe ya malipo. Mifumo yote miwili, wa ununuzi na wa malipo, ni ya serikali moja, izungumze. Zabuni ya kundi maalumu isihesabiwe kwenye asilimia 30 ya taasisi mpaka safu ya pili ijazwe. Mkurugenzi akijua kwamba meza 120 zisizolipwa zinasomeka kwa kila mtu kuwa hazijalipwa, na kwamba hazimsaidii kutimiza asilimia yake, faili halitakaa wiki mbili kwa sababu ya jina lililofupishwa. Na Hazina itazame uwezekano wa kulipa makundi haya ndani ya siku 14, kabla ya wazabuni wengine. Kiasi chao ni kidogo mno mbele ya bajeti ya taasisi, lakini kwao ndicho kinachoamua kama kikundi kitaendelea kuwepo.

Naandika haya wiki hii kwa sababu lipo tangazo jipya kwenye mfumo, viti na meza 200, makundi maalumu, linafungwa Ijumaa. Vijana wamebaki wanane na mashine moja. Jana jioni binti katibu alinifuata na simu yake mkononi, akaniuliza, "Babu, tujaze au tuache?" Nimemwambia anipe mpaka Alhamisi.

Mtunza stoo mstaafu,
Mafinga, Iringa